Namna ya Kumwamkia Mwalimu Mkuu

Machibya hakukusudia kuidanganya Ujerumani. Hilo lieleweke mapema. Alikusudia kumchekesha rafiki yake Ogweno tu, na Ogweno ni mtu mmoja.

Shule yao ya bweni, nje kidogo ya Usagara, ilikuwa imeungana na darasa la watoto wa Kijerumani wanaojifunza Kiswahili. Vijana wa kidato cha tatu walirekodi video fupi za masomo na kuwatumia. Kisha kila Alhamisi pande mbili zilionana mubashara, kwa projekta, kwenye ukuta wa chumba cha kompyuta. Machibya alipewa mada ya salamu. Akafundisha shikamoo na marahaba vizuri, bila kosa. Tatizo ni kwamba simu ya Mwalimu Chenge, msimamizi wa masomo hayo, ilikuwa bado inarekodi, Ogweno aliyeishika alikuwa bado anamtazama, na Machibya akitazamwa hupandwa na kitu.

"Kwa mkubwa wa heshima kuu, kama Mwalimu Mkuu," aliongeza, uso mkavu kama dagaa wa kuanikwa, "shikamoo peke yake haitoshi. Unaweka mkono kichwani, unazunguka mara moja, polepole, ili mkubwa aone kwamba hukubeba kinyongo mgongoni."

Ogweno alicheka hadi simu ikayumba. Walipanga kukikata kipande hicho baada ya chai. Lakini Mwalimu Chenge alichukua simu yake akatuma video bila kuitazama, na mtandao wa shule, ambao siku zote hutambaa, siku hiyo uliamua kukimbia. Chai ilipokwisha, kinyongo cha mgongoni kilikuwa kimeshatua Ulaya.

"Usihofu, Ngosha," alisema Ogweno, akimwita kwa jina la utani la wanaume wa Kisukuma. "Wale si wajinga. Watajua ni utani."

Machibya alikuwa na haki ya kuhofu. Muhula uliopita alitangaza likizo kwenye kipaza sauti cha shule kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, na mabweni mawili yakafunga mizigo. Akapewa onyo la mwisho: kosa jingine, nyumbani. Na baba yake alishasema kwamba shule ikimchoka, ng'ombe wanamsubiri, na ng'ombe hawana mitihani.

Alhamisi ikafika, na Mwalimu Mkuu akafika nayo. Madam Suzana hakuwa mtu wa kuingia chumbani. Chumba ndicho kilichojipanga kumpokea. Alisimama mbele ya kamera na kilemba chake cha zambarau, akakohoa kidogo. Ukutani, darasa zima la Wajerumani likasimama kama jeshi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

Mikono ikapanda vichwani. Wakazunguka. Polepole, kwa heshima, kama sufuria za ugali zinazogeuzwa jikoni. Mtoto mmoja mwenye miwani alizunguka kwa moyo kupita kiasi, akagonga kiti, akaanguka, akainuka, akamalizia mzunguko wake.

Machibya alijikunja nyuma ya mgongo wa aliyekaa mbele yake.

"Chenge," Madam alinong'ona, "hii ni desturi yao?"

Mwalimu Chenge hakuwa na habari, lakini hakuwahi kukiri hivyo tangu aajiriwe. "Ndiyo, Madam. Ya kale sana."

"Basi mgeni akikuheshimu kikwao, nawe mheshimu kikwao." Akaweka mkono juu ya kilemba. "Marahaba, wanangu."

Akazunguka. Madam Suzana, mama wa maonyo, alizunguka kama meli inayogeuza pua bandarini, taratibu, bila kugusa kitu. Kisha akaamuru darasa zima lizunguke, na Mwalimu Chenge akiwemo. Ogweno aliuma mkono wa sweta asicheke. Wajerumani walipiga makofi.

"Asante sana," alisema mwalimu wao, Bwana Weber, kwa Kiswahili cha kupimwa kwa rula. "Tunashukuru kijana Machibya. Yeye alitufundisha hii heshima yenu, ya kuonyesha mgongo hauna kinyongo."

Madam alimgeukia Mwalimu Chenge.

"Yetu?" alisema Madam.

Ogweno alikuwa amekaa kwenye kompyuta. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Nikate, Ngosha? Tutasema mtandao," alinong'ona. "Nani atabisha? Mtandao!"

Ilikuwa njia safi. Machibya alifungua mdomo aseme kata. Lakini yule mtoto mwenye miwani alikuwa amesogea hadi uso wake ukajaa ukuta mzima.

"Machibya, mimi Jonas. Nilifanya mazoezi kila siku. Bibi yangu aliona. Nimefanya sawasawa?"

Sasa mtu atamjibu nini mtoto ambaye bibi yake ameona?

"Acha," Machibya alimwambia Ogweno. Akasimama mbele ya kamera. "Jonas, umefanya vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Lakini hakuna heshima ya hivyo. Niliitunga. Shikamoo inatosha. Nisameheni. Nawe, Madam... shikamoo."

Madam hakuitikia. Alimpima kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Kinyongo huwa mgongoni, siyo?" alisema hatimaye. "Geuka nikikague."

Machibya akaweka mkono kichwani, akazunguka.

"Nakiona. Tena. Na nyie watoto, mhesabieni, mjifunze namba."

"Moja!" walipaza Wajerumani kwa furaha kubwa. "Mbili! Tatu!" Kwenye saba wakakwama; Mwalimu Chenge akawasaidia. Kwenye kumi na nne Ogweno alikuwa chini ya meza akilia kwa kicheko. Kwenye ishirini Madam aligeukia dirishani ghafla, na mabega yake yakaonekana yakitikisika.

"Basi," alisema, bado akiangalia nje. "Nyumbani huendi. Utawafundisha salamu upya, kila Alhamisi, mbele yangu, hadi Jonas aniamkie bila kuvunja kiti."

"Ndiyo, Madam," alisema Machibya, akiliambia kabati. Akapiga hatua kurudi kwenye kiti chake, akakikosa, akaketi sakafuni.

"Samahani," aliuliza Jonas, daftari mkononi, "hiyo inaitwaje?"

"Hiyo," alisema Mwalimu Mkuu, "inaitwa kizunguzungu. Rudieni wote."

"Ki-zu-ngu-zu-ngu!"

"Tena."