Nafasi Chini ya Picha

Mke wangu anashona na kuandika. Mimi napanga matangazo. Ndivyo tulivyogawana tovuti yetu tangu mwanzo. Yeye anaeleza namna ya kukata shingo ya gauni, mimi naamua tangazo likae wapi: juu, ambako watu hupita mbio, katikati, msomaji akishanogewa, au chini kabisa, ambako hafiki mtu ila mwenye subira.

Kisha akaja Bwana Vifungo. Jina lake la kweli silijui. Kila makala ikitoka, maoni ya kwanza ni yake, chini ya picha tu: "Dada, mikono yako ina baraka." Mara, "Rangi hiyo imekukubali." Na mke wangu anamjibu kwa bashasha. Mimi nikisifu gauni naambiwa "ehe", pini zikiwa mdomoni.

"Huyo ni nani?" nilimuuliza.

"Muuza vifungo. Nanunua kwake. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Kitu kilikuwepo. Roho iliniuma. Nikakaa kwenye kompyuta yangu kutafuta mambo ambayo mwanamume mzima haoni fahari kuyataja. Halafu nikachukua nafasi ya tangazo kubwa kuliko zote, nikaiweka chini ya picha, pale pale alipozoea kujipitisha yule bwana. Maoni yakasukumwa chini huko. Nikaukagua ukurasa kwenye simu ya watoto, nikaona umekaa sawa. Nilisikia raha, sidanganyi.

Kesho yake mchana mke wangu akaja mezani kwangu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baba Pacha, maoni ya wasomaji yamekwenda wapi? Nasubiri ujumbe wa mzigo wangu."

"Yapo. Nimeyashusha kidogo, nafasi ile inalipa."

Akainama, akafungua makala yake kwenye kompyuta yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ninalowaeleza wateja wa matangazo kila siku: mahali pa tangazo nachagua mimi, lakini tangazo lenyewe humfuata anayetazama, kwa yale aliyoyatafuta.

Chini ya picha yake, kwa herufi nyekundu: Dalili Kumi Kwamba Mkeo Ana Mtu. Chini yake, mwanamume mwenye darubini anauza huduma ya kufuatilia simu ya mwenza wako.

Akasoma taratibu, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa ule ule. Kwake palikuwa na nyuzi na mikasi.

Akarudi kwenye kompyuta, akashuka hadi kwenye maoni. Bwana Vifungo alikuwa ameandika tangu asubuhi: "Dada, vifungo vya shati la mumeo vimefika. Vile ulivyovihangaikia."

Sikuwa na pa kuuficha uso.

"Nafasi umeichagua vizuri," alisema. "Hakuna atakayepita bila kuliona."

Akavua futi shingoni, akaiweka juu ya kibodi yangu.

"Shati jipime mwenyewe."