Vifaranga Mia Mbili Chini ya Mbingu Wazi

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, kipimajoto changu hapa Kitengela kilisoma nyuzi ishirini na sita. Mawingu yaliyotukalia wiki nzima yalikuwa yameondoka, na upepo umetulia. Niliamua kwamba usiku huo vifaranga wangu mia mbili, wenye umri wa siku nne, hawatahitaji jiko la makaa.

Jirani yangu Saruni, mfugaji, alikuwa akiwaingiza wanakondoo wake nyumbani, ndani kabisa, karibu na kitanda.

"Saruni, siku hizi unalala na kondoo?"

"Mawingu yakiondoka, mzee, wadogo wanalala ndani. Baridi inakuja. Washa jiko."

Sikusoma fizikia miaka minne katika shule ya bweni, nikioga maji baridi saa kumi alfajiri, ili nifundishwe habari za baridi na mtu anayelala na kondoo. Nilimweleza taratibu. Ardhi hunywa joto la jua mchana, usiku huliachilia, hewa hulidaka na kulirudisha chini kama blanketi. Bila blanketi hilo dunia yote ingeganda.

"Hewa yote ni blanketi?"

"Hapana. Ni gesi chache zilizomo, hasa mvuke wa maji. Pamoja na mawingu."

Saruni alitazama juu, akazunguka mzima kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. "Na leo mawingu yako wapi?"

"Usinikatize."

Tukawekeana ahadi. Kifaranga hata mmoja akifa kwa baridi, Saruni angepewa tai yangu ya shule, ambayo sijawahi kumwazima hata mwanangu. Wakipona wote, yeye angenipa kondoo dume.

Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi nane. Nilikimbilia bandani bila viatu. Vifaranga wote mia mbili walikuwa hai, wakikanyagana kwenye chakula. Nilipotoka, Saruni, mtu wa neno lake, alikuwa langoni na dume lake.

"Sopa, mzee!" alinisalimu kwa Kimaasai. "Umenimaliza. Niko na huyu mmoja tu mnono, mchukue."

Nilikwisha kuishika kamba nilipoliona jiko kando ya ukuta wa banda. Majivu yake yalikuwa bado yanafuka. Mke wangu Roda alikuwa akichota maji pale pale, macho chini.

"Roda?" niliuliza kwa sauti ya chini.

"Nililiwasha bandani ulipoanza kukoroma, nikalitoa alfajiri, Baba Mwelu. Nilimsikia Saruni akikuuliza mawingu yako wapi. Jibu sikulisikia."

Saruni hakuwa amesikia neno. Dume lilikuwa nono kweli.

"Simchukui," nilimwambia, nikamrudishia kamba. "Jiko liliwashwa."

"Lakini hakuna aliyekufa, mzee."

"Wangekufa."

Nikaingia ndani, nikaileta tai. Nilimfunga mwenyewe shingoni, juu ya shuka alilojitanda, nikalinyoosha fundo, nikamwonya asiivae akichinja.