Joto Nyuma ya Kiti

Picha iliingia wakati Liévin amelala chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, tochi mdomoni, mikono yote miwili ikitafuta waya. Aliiacha simu. Ilipolia tena akatema tochi na kuitazama. Alikuwa ni mkewe, Mahoro.

"Angalia vile tumependeza," alikuwa ameandika.

Kwenye picha, buti la gari la Mark lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na mablanketi: mekundu, ya kijani, ya maua makubwa, yamepangwa na kushindiliwa mpaka yamegusa paa. Juu yake kulikuwa na shuka na leso zilizofungwa utepe. Mbele ya buti alisimama Mahoro katika kitenge kipya, na kando yake Waringa, mama yake Mark, ambaye anafanya naye kazi ya kuwatunza wazee, amenyoosha mkono kama muuza duka. Leo Waringa alikuwa anampeleka mwanawe kwa wakwe, Upper Marlboro, kupeleka mahari, na Mahoro alialikwa kumsindikiza.

Liévin hakumtazama mkewe, Mungu amsamehe. Aliikuza picha akitafuta amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya muziki. Haikuonekana hata pembe yake. Akakaa kitako.

Amplifaya hiyo aliifunga yeye mwenyewe, siku mbili zilizopita, hapa hapa Rockville. Aliifunga mgongoni mwa kiti cha nyuma, upande wa buti, kwa sababu sakafuni kuna gurudumu la akiba na Mark hakutaka liguswe. Ni kifaa kizito, chenye mapezi ya chuma ya kutolea joto. Aliacha nafasi kila upande, akaongeza na feni mbili ndogo za kuvuta hewa.

"Mark, mwanangu, hii kitu inapumua," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Usiweke bintu juu yake, usiifunike. Ikikosa hewa itakuwa jiko."

"Got you, Uncle," Mark alijibu, macho kwenye simu. Vijana waliozaliwa huku Marekani Kiswahili wanakielewa vizuri sana. Kukisikiliza ndiko hawajafundishwa.

Basi mtu angesema kosa ni la Mark, na mambo yaishe. Lakini Liévin alijua kuna kosa jingine, na hilo halikuwa la Mark. Siku ile walipojaribu sauti, fyuzi ilikatika. Kazi ya fyuzi ni kufa mapema: umeme ukizidi, yenyewe ikatike, waya usiungue. Iliyokatika ilikuwa ya ampea themanini, na kwenye sanduku lake ilibaki ya mia na hamsini peke yake. Mark alikuwa amesimama mlangoni anatikisa funguo, kwamba Jumamosi wanakwenda kwa wakwe na gari lazima liimbe. Fyuzi haikatiki bila sababu. Liévin alijua hilo tangu anatengeneza redio kwao. Akajidanganya kwamba ni Mark aliyepandisha sauti ghafla. Akaweka ile kubwa.

"Utarudi Jumatatu niweke ya kweli," alisema. "Mpaka ile siku, sauti chini."

Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini methali haijawahi kumzuia fundi mwenye mteja mlangoni.

Sasa alimpigia Mahoro. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Ya Mark haikuita kabisa. Kijana alikuwa ameifunga isipokee mtu, maana ndiyo inayocheza nyimbo. Hapo Liévin akaelewa kwa nini Mahoro hasikii. Muziki ulikuwa umewashwa, na umewashwa kwa nguvu, na kila mdundo ulikuwa unaongeza moto chini ya yale mablanketi.

"Kaka, vipi? Umeona jini?" Aliyeuliza ni Silvanus, Mtanzania mwenye karakana ya matairi, ambaye Liévin amekodi kona kwake.

"Bibi yangu iko mu ile gari ya Mark. Wamefunika amplifaya na mablanketi. Inaweza kuwaka."

"Si zinajizimaga zenyewe zikipata joto?"

"Ile nzuri, ndiyo. Ile Mark alinunua kwa mutu, imechoka. Sijui kama ingali na akili hiyo. Na fusible nimeweka kubwa, Silvanus. Haitakatika."

Silvanus akaacha kufuta mikono. "Piga polisi wawasimamishe."

Liévin alikuwa ameshabonyeza tisa, mwanzo wa namba ya polisi. Kidole kikaganda hewani. Awaambie nini, na kwa Kiingereza kipi? Watafute gari jeusi, kijana mweusi anaendesha, muziki juu, kuna kitu kinaweza kulipuka nyuma? Hakuna ajuaye askari atashuka na moyo gani akiambiwa hivyo. Aliiona picha hiyo pia, na ilimwogofya kama ile ya moto. Akaifuta ile tisa.

Gari lake lenyewe lilikuwa juu ya jeki, halina magurudumu ya mbele. Silvanus akamtupia funguo za pikapu. "Nenda. Breki zake zinataka upole, usije ukafa wewe kwanza."

Njia nzima mpaka Greenbelt, anakokaa Waringa, Liévin aliomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: Wakenya wachelewe. Miaka yote amewalaumu. Harusi ya saa nane wanaingia saa kumi, na kwa kicheko. Leo aliwaombea uzembe wote wa dunia, kiatu kipotee, shangazi asahau miwani, mtu agombane na mtu. Aliacha na ujumbe wa sauti kwa Mahoro, mmoja juu ya mwingine. "Mahoro, mushuke. Mama, mushuke mu gari, wote." Ujumbe ulifika, haukusikilizwa.

Maegesho ya Waringa yalikuwa matupu. Palibaki kipande cha utepe juu ya lami. Akakumbuka Mahoro alimwambia jana, akicheka, kwamba safari hii Waringa ameapa kuwahi, maana wakwe wameshatangaza faini kwa atakayechelewa. Liévin akapiga usukani kwa kiganja na kurudi barabarani.

Kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, magari yalianza kupunguza mwendo, kisha yakasimama. Gari la zimamoto likapita ukingoni kwa king'ora. Liévin akanyanyua macho. Mbele, juu ya miti, moshi mweusi ulikuwa unapanda taratibu.

Hapo ndipo aliogopa hasa. Waringa, kama mama wa bwana harusi, atakuwa amekaa mbele. Mahoro amekaa nyuma. Kati ya mgongo wa Mahoro na amplifaya kuna bati na sponji, basi. Alilijua bati lile, alilitoboa mwenyewe kwa drili, na akajisifu kwamba skrubu zimekaa vizuri. Mahoro huvimba mgongo kwa kunyanyua wazee wa watu, hawezi kuruka kutoka kwenye gari. Huteremka kwa zamu, mguu, kisha mkono, kisha mguu. Liévin alianza kusali kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kifaransa, mwisho akawa anasema jina tu.

Foleni ilisogea kidogo kidogo. Kilichokuwa kinaungua ni trela la mashine za kukatia nyasi. Mwenyewe alisimama kwenye majani, mikono kichwani, akiangalia kazi yake inavyoteketea. Liévin akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaona haya, maana ule nao ulikuwa msiba wa mtu.

Alipofika Upper Marlboro hakuhitaji kuuliza nyumba. Magari yalijaa kando ya barabara, na mbele ya lango la mbao kundi la wanawake wa upande wa Mark walikuwa wanaimba kwa Kikuyu wakiomba kufunguliwa. Wa ndani waliwajibu kwa wimbo kwamba hawawajui. Gari la Mark lilikuwa limetangulia langoni, madirisha wazi, injini inanguruma, spika zikiwapigia wanawake mdundo. Buti limefungwa. Na kwenye kiti cha nyuma, peke yake, Mahoro alikuwa amekaa, ameegemea, macho amefumba.

Liévin aliiacha pikapu mlango wazi, akakimbia. Mwanamke mmoja akamzuia kwa mikono, anacheka. "Baba, hapa hapapitwi bila wimbo." Akainama na kupita chini ya mkono wake.

"Zima gari," alimwambia Mark.

"Uncle? What are you doing here?"

Liévin aliingiza mkono dirishani, akabonyeza kitufe mwenyewe, na ngoma ikakatika. Akafungua mlango wa nyuma. Mahoro alifumbua macho, akatabasamu. "Na wewe umekuja?"

"Shuka. Minakuomba, shuka."

Akashuka kwa namna yake, mguu, mkono, mguu, na Liévin alitaka kumvuta lakini hakuthubutu. Alipokuwa chini ndipo akakimbilia nyuma na kufungua buti. Joto lilimpiga usoni. Ilifuata harufu ya nailoni inayoungua.

Alianza kuyatupa mablanketi. Aliyatupa chini, kwenye changarawe, mekundu, ya kijani, shuka na leso na utepe wake, zawadi za wakwe ambazo hazijapita langoni. Wimbo ulikufa pande zote mbili.

"Bwana ya Mahoro, umelewa?" Waringa alimshika shati. "Haki unaniaibisha mbele ya watu. Hizo ni za wenyewe."

"Niache, mama."

Blanketi la mwisho, lile la maua, lilikuwa limegandamana na mapezi ya chuma. Alipolivuta lilitoka na uzi wa moshi na tundu jeusi kubwa kuliko sahani. Alilikanyaga mpaka moshi ukakata. Feni zote mbili zilikuwa zimesongwa na manyoya. Akazunguka mbele, akafungua boneti, akalegeza waya kwenye betri. Ngozi ya waya ilikuwa laini, kidole chake kikaacha alama juu yake. Fyuzi ilikuwa nzima.

Lango lilifunguliwa bila wimbo. Akatoka Serah, mama wa bibi harusi, kitambaa cha sherehe kichwani, na watu wakampisha. Waringa akajifunika uso kwa leso.

Mark alikuwa anaangalia lile tundu. Kijana alikuwa amepauka. "Ni mimi," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Uncle alinishow nisiweke kitu hapo. Nikasahau."

Njia ya kujinasua ilikuwa imewekwa mezani, imefunikwa vizuri. Liévin alihitaji tu kunyamaza. Aliwaona watu wanamtazama kama mtu aliyewaokoa, na kwa kitambo kifupi alitamani kuwa mtu huyo.

"Mablanketi peke yake, hapana," alisema. "Fusible niliweka kubwa. Ya kweli sikuwa nayo. Nilijua si nzuri na nikamupa gari aende."

Waringa alitoa leso usoni, akamtazama, kisha akamtazama Mahoro, kana kwamba sasa ndiyo anahesabu nani alikuwa amekaa wapi.

Serah aliliinua lile blanketi kwa ncha. "Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna," walisema.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama," Waringa akanong'ona.

Serah alilikunja, tundu likaingia ndani, akalishika kwapani. "Blanketi itanunuliwa. Hizo zingine zipanguseni mchanga, mrudi nyuma mwanze kuimba tena. Mimi sitaingiziwa wageni kimya kimya kama ni matanga."

Wanawake wakainama kuokota. Waringa hakuinama. Alisimama akimwangalia Liévin kwa macho ambayo hayakuwa yamesamehe bado, na Liévin hakumlaumu. Mark alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, kichwa kati ya magoti.

Mahoro alikuja akasimama mbele ya mumewe, akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba. Hakuwa ameelewa yote. Mambo ya fyuzi hakuwahi kuyapenda.

"Lakini kile kiti kilikuwa kizuri," alisema taratibu, kama anayemtetea. "Njia yote nilikuwa nasikia mgongo unapata moto. Nikasema, huyu mtoto ameniwashia joto la kiti. Nikasema, Mungu abariki mikono ya bwana yangu aliyetengeneza hii gari. Maumivu yote yakaenda. Nililala hata."

Liévin alimgeuza taratibu. Akaweka kiganja mgongoni pake, katikati ya mabega, juu ya kitenge kipya. Palikuwa bado pamoto.

Nje ya lango wanawake walianza wimbo upya, kwa sauti zisizo na uhakika, na wa ndani wakawajibu kwamba hawawajui. Watu waliwapita huku na huku na mablanketi vichwani.

"Toa mkono," Mahoro alinong'ona. "Watu wanaangalia."

Hakuutoa. Alisimama hivyo, kiganja mgongoni, akingoja papoe.