Mikono ya Meneja

Nilikuwa nimeshika pembe mbili za shuka, Chapuchapu ameshika mbili nyingine, na watu wote wa kiwanda cha udobi wameambiwa waache kazi kidogo ili watutazame tukipatana. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na bendeji kuanzia kiganja hadi kiwiko. Kila shuka lilipovutwa, na ngozi ilivutwa.

"Sogeeni," alisema meneja, akitabasamu kama mshenga. "Mkutane katikati."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake ya ugomvi. Tulifua mashuka ya mahoteli na hospitali, na shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Basi waliokosana aliwapa shuka wakunje pamoja, wasogeleane mpaka vidole vigusane. Kwa waliogombania sabuni au zamu ya chai, dawa ilifaa. Tulicheka, tukarudi kazini.

Lakini mimi sikugombana na mtu. Mimi niliunguzwa.

Mashine ya pasi ya mvuke ilitaka watu wawili. Mimi nilikuwa natandaza foronya upande wa mbele. Chapuchapu, upande wa nyuma, alikuwa anakanyaga kanyagio, na bamba la moto linashuka. Chapuchapu si jina alilopewa na mama yake, tulimpa sisi. Nilimwambia, nikarudia mpaka nikachoka: "Kaka, usikanyage kabla sijasema tayari." Alinicheka tu. "Wewe nawe, unajivuta kama bibi harusi!" Siku moja bamba likanikuta mkono bado uko ndani. Nikapiga ukelele, nikamwita mwendawazimu, na ningepata neno kali zaidi ningelitumia. Nyumbani mama mkwe alinisafisha kidonda huku machozi yanamlengalenga, akaniuliza, "Mwanangu, ulikwenda kupiga pasi au kupigwa?"

Niliporudi kazini, meneja alikuwa ameshatoa hukumu. Yeye kakuunguza, wewe umemtukana, ngoma droo.

"Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune," aliwaambia wenzetu. "Leo tunavuna!"

Ndugu! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba. Sikusogea hata hatua moja.

"Atasubiri niseme tayari?" niliuliza.

"Dada yangu, hayo ni mambo ya mashine. Sasa hivi tunazungumzia mioyo."

"Moyo wangu haukuungua." Nikaachia shuka, likaanguka sakafuni. "Njoo ushike nafasi yangu, bosi. Foronya moja tu. Naye akanyage anapojisikia."

Watu wakaguna. Meneja alipenda sifa, na kukataa mbele ya wafanyakazi wake kulimshinda. Akakunja mikono ya shati, akatandaza foronya, akaacha viganja vyake pale juu.

"Haya, twende kazi!"

Chapuchapu akaenda nyuma ya mashine, akaweka mguu kwenye kanyagio. Mguu haukushuka. Tukangoja, mvuke ukitoa sauti yake ya kufyonya.

"Vipi huko?" meneja aliita.

"Siwezi, bosi," Chapuchapu alisema kwa sauti ndogo. "Nikiwa hapa, mikono yako siioni."

Kumbe alijua! Muda wote ule alijua kwamba haoni, na alikanyaga hivyohivyo, kwa sababu mikono iliyokuwa mle ndani ilikuwa yangu. Miaka imepita, na nikilikumbuka hilo damu bado inanichemka.

Meneja alitoa mikono yake polepole, akaishusha mikono ya shati, akafunga vifungo. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu asikanyage kabla mwenzake hajasema tayari. Alitangaza kama jambo aliloliota yeye mwenyewe usiku. Wenzangu wakaitikia, na mimi nikadhani yamekwisha.

Akainama, akaokota shuka, akanishikisha pembe zangu mbili.

"Sasa," alisema, "limebaki lile neno mwendawazimu. Muombe radhi mwenzako."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikazirudisha zile pembe mikononi mwake.

"Kunja naye wewe, bosi," nikamwambia, nikaenda kutandaza foronya.