Mkaguzi wa Makochi

Zamani nilimwita mume wangu kwa jina la binti yetu, Baba Fulani, kama wanavyoitwa waume wengi. Tulipomzika mtoto, jina lile likawa halinipiti kooni. Nikawa naongea na mume wangu kwa kumpitia paka aliyeachwa na marehemu. "Mwambie baba yako chai inapoa," namwambia paka, na mume wangu anakuja.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Paka tulimwita Mkaguzi, maana hakuna kochi lililotoka karakana kabla hajalilalia ubavu na kuacha manyoya kwenye kitambaa cha watu. Mume wangu alimfokea weee, mpaka akachoka.

Halafu Mkaguzi akaacha kujilaza. Alikaa tu, kifua juu, viwiko vimetanuka, shingo ameinyoosha mbele. Mume wangu akasema hatimaye paka ameshika adabu, hataki tena kuchafua kazi. Nikacheka, naye akacheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu msiba.

Asubuhi moja nikamkuta Mkaguzi anahema mdomo wazi, tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu. Mume wangu akasema ni joto, akawasha feni, akachukua kijiko amnyweshe maji. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Akasema paka hahemi kwa mdomo hivihivi. Tusimlazimishe maji, atapaliwa, tusimbane kifua, tumtie kwenye boksi lenye matundu tumpeleke upesi.

Mume wangu alilipakata boksi njia nzima.

Daktari akamwekea oksijeni, akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu. Akatuuliza ni tangu lini paka huyu hawezi kujilaza.

"Hawezi?" mume wangu akasema. "Mimi nilidhani hataki."

Daktari akaeleza kwa upole kwamba maji yamejaa kifuani na kuyabana mapafu, na paka wa namna hiyo akijilaza anakosa pumzi. Akayavuta maji kwa sindano. Mkaguzi akapumua vizuri kidogo, tukapata matumaini, kisha moyo wake ukasimama.

Njiani kurudi nilitaka kumrarua mume wangu kwa maneno. Lakini nami nilicheka, kwa hiyo nikaumeza ulimi. Tulimzika nyuma ya karakana, amefungwa kipande cha kitambaa kizuri.

Jioni kochi la mteja likawa tayari. Mume wangu akalisukuma hadi mlangoni, akasita, akalirudisha ndani. Akaketi sakafuni, akawa anakipapasa kitambaa kisicho na unyoya hata mmoja.

Nikafungua mdomo kumwambia chai inapoa, nikakosa wa kumtuma. Basi nikamwita mwenyewe, Baba, na jina la mtoto wetu, lote.

Akaitika. Halafu akalia, na mimi nikakaa pale chini kando yake, chai ikapoa.