Mwewe Juu ya Gari la Halina

"Ukigusa huo mlango, Halina, damu ya mtoto iko mikononi mwako!"

Bwana Pomerantz, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono ameitanua kama golikipa.

"Mtoto gani, Irving? Huyo ni ndege. Mtoto ni wangu. Yuko chuoni anangoja joho, na joho liko humo ndani!"

Juu ya paa la gari, kinda wa mwewe aliutazama ugomvi kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kwenye kiota cha ghorofa ya tisa, akagonga turubai la duka la mikate, akatua hapo. Watazamaji wanane wa ndege, Pomerantz akiwemo, ambao tangu Aprili walikuwa hawabanduki kwenye benchi la bustani na darubini zao, walivuka barabara mbio na kulizungushia gari utepe wa njano. Ndivyo wafanyavyo kila Juni. Kinda akishuka haguswi na mtu. Analindwa mpaka wazazi wake wamwite. Huyu aliitwa saa mbili nzima bila kuitika. Mama yake alichoka, akamletea nusu panya na kumwekea kwenye kioo cha mbele.

"Na bado hatujakubaliana kama aliruka au alianguka," alisema Bi Milagros, mwenye daftari.

"Alipiga mabawa mara mbili!"

"Hata mimi nikianguka ngazi napiga mabawa, Irving."

Simu ya Halina ikalia. Ilikuwa saa tatu na nusu, na mahafali yangeanza saa nne. Bila joho, binti yake Bernadeta asingepandishwa jukwaani.

"Mama, tunapangwa mstari. Uko wapi?"

"Kwenye gari. Nje ya gari."

"Basi ingia!"

"Kuna mwewe."

"Mama, umekunywa?"

Halina alikata simu. Chuo kilikuwa mitaa mitatu tu kutoka hapo, lakini joho alilichukua kwa dobi jana na kulisahau kwenye kiti cha nyuma. Milango ya gari lile kuukuu ilikuwa haifunguki ila kwa kishindo. Basi lilipita likinguruma, naye akilini akamwona yule kinda, ameshtuliwa na kishindo, akiwa chini ya magurudumu yake. Hapana. Hata yeye asingeweza.

"Buti la nyuma," alisema. "Buti halipigi kelele."

"Hatujawahi kuruhusu buti," alisema Pomerantz. "Itabidi tupige kura."

"Pigeni."

Alivua viatu, akafungua buti polepole, akatanguliza kichwa na kuulaza mgongo wa kiti. Mabega yalipita. Nyonga zikagoma. Nyuma yake watu wanane walishusha darubini.

"Vuta pumzi!"

"Ndani au nje?"

"Geuka ubavu, dada, kama sofa!"

Halina alinyoosha mkono, akalikamata joho. Alipoinua macho, aliona makucha yakitua kwenye kioo cha mbele na kumnyakua panya. Mabawa yakafunguka. Kinda akapaa juu ya basi lingine, juu ya miti, akapinda kushoto na kutoweka nyuma ya paa la kanisa.

"Ameruka!" alipiga kelele.

"Nani?"

"Mimi! Nani mwingine? Nivuteni!"

Walimvuta kwa vifundo vya miguu. Wote wakatazama paa la gari. Tupu. Miezi mitatu benchini, na dakika yenyewe walikuwa wanatazama makalio ya Halina.

"Saa ngapi?" Pomerantz aliuliza. "Angalau ulitazama saa?"

"Nilikuwa nimeilalia."

"Basi keti hapa, tuandike ushahidi wako. Alipinda upande gani? Wewe ndiye shahidi wetu pekee, Halina, huwezi..."

Saa ya kanisa ilionyesha saa nne kasoro dakika nane. Halina alilikunja joho kwapani, akaukata utepe kwa kifua kama mkimbiaji, akakimbilia chuoni miguu mitupu.