Eti Ili Wengine Wafaidike

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya shule huku naimba, kwa sababu programu yangu ya kupanga vitabu vya maktaba ilibaki kidogo tu iishe kabla ya maonyesho ya wanafunzi wiki ijayo. Kaka akachungulia mlangoni. "Wewe ndiye unayeimba? Leo itanyesha mvua ya mawe."

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kompyuta. Mwalimu wetu tunamwita Slaidi, maana anasoma yaliyo kwenye projekta mpaka nukta ya mwisho, na ukimuuliza swali anakwambia, "Hilo halimo." Leo hakuonyesha slaidi. Alionyesha barua yangu.

Niliiandika mwezi uliopita, programu ilipogoma na kunitolea ujumbe wa kosa nisiouelewa. Kuna kundi la barua pepe la waandika programu: mmoja akituma, wote wanapata, na kila kitu kinawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kutafuta humo. Mimi hata kunyoosha mkono darasani siwezi, nitauliza mbele ya watu wote hao? Nikachagua mtaalamu mmoja anayejibu watu kwa upole, nikamwandikia yeye peke yake. Nikamweleza kosa. Nikamweleza na kwa nini simuulizi mwalimu: "Tunamwita Slaidi. Bila slaidi hana neno, na ukikosea anakucheka."

Akanijibu vizuri, kosa likaisha siku ileile. Kumbe baadaye akalituma jibu kundini pia, na chini yake akabandika barua yangu nzima, jina langu humo, shule yangu humo. Juu kaandika: "Nimeulizwa pembeni, najibu hapa ili wengine wafaidike." Eti ndio utaratibu wao.

Jana Slaidi naye kakwama kwenye kosa lilelile. Akalitafuta mtandaoni. Cha kwanza kutokea, mimi.

"Haya, msomi wetu," akasema mbele ya darasa, "tusomee kwa sauti."

Nikainamia dawati. Wenzangu walicheka mpaka madawati yakagongana.

"Basi sikiliza," Slaidi akasema. "Hiyo barua ikifutika, utarudi. Isipofutika, chumba cha kompyuta utakichungulia dirishani, na maonyesho uyasahau."

Nyumbani hatuna kompyuta. Nikaazima simu ya kaka, nikamwandikia mtunza hifadhi, nikamsihi. Akajibu haraka, nikadhani mambo yameisha. "Pole sana. Sisi hatufuti kitu. Barua yako inasaidia watu."

"Kasema pole, lakini," kaka akanituliza.

"Pole yake akaibandike kundini!"

Kaka akanikodolea macho. "Mdogo wangu, hayo maneno ulikuwa umeyaficha wapi siku zote?"

Inasaidia watu! Kosa na dawa yake ningewapa bure, wala nisingenung'unika. Lakini jina langu linamsaidia nani? Shule yangu? Uoga wangu? Nimemtafuta huyo mtunza hifadhi humohumo kwenye hifadhi yake, nione na yeye wamemwanika vipi. Hana jina. Kila mahali anajiita "msimamizi" tu. Amejisitiri vizuri, mimi niko uchi barabarani.

Basi nikaliandikia kundi zima. Naandika, nafuta, naandika tena:

"Mimi ndiye yule mwanafunzi aliyeuliza pembeni. Nilimwandikia mtu mmoja, sikuwaandikia ninyi. Jibu libaki, liwasaidie. Ondoeni jina langu, shule yangu na niliyosema juu ya mwalimu wangu. Nimefukuzwa kwenye kompyuta kwa sababu ya faida yenu. Najua hata hii mtaihifadhi. Ihifadhini. Ila niambieni, ni nani kati yenu aliyeniuliza kwanza kama nakubali?"

"Nikubonyezee?" kaka akauliza.

"Niache. Nabonyeza mwenyewe."

Imeshaingia kwenye hifadhi, na jina langu juu yake. Nimeifungua, nimeifunga, nimeifungua tena, mpaka kaka anadai simu yake. Barua nyingine za leo zote zina majibu, hata ya yule aliyeuliza ni rangi gani ya maandishi isiyoumiza macho. Huyo kajibiwa na watu chungu nzima, na mtaalamu wangu mpole yumo. Chini ya yangu hakuna kitu.